Je, wajua kwa nini shujaa wa filamu za vita vya kale havai kofia ya chuma?

Tazama filamu yoyote ya Warumi au Wagiriki wa kale. Jeshi zima limevaa kofia za chuma hadi masikioni, ila steringi yuko kichwa wazi, nywele zinapeperuka. Hata akianza nayo, hazipiti dakika mbili keshaivua na kuitupa. Utadhani ni bodaboda wa Kampala: helmeti anayo, lakini imetundikwa mkononi.

Vitani mambo yalikuwa kinyume. Askari wa Kigiriki akijikinga kwa ngao, kinachobaki juu ni kichwa, na hicho ndicho adui anachokiwinda kwa mkuki. Kofia ile maarufu ya Korintho ilifuliwa kutoka bamba moja la shaba nyeusi. Ilifunika kichwa, mashavu na pua, ikaacha matundu ya macho na upenyo mdomoni. Aliyeivaa alisikia kwa shida na kuona mbele tu, lakini kuivua huku mikuki inakuja ilikuwa kujitakia kifo.

Sasa mfikirie prodyuza. Amemlipa mwigizaji mamilioni ya dola kwa ajili ya ile sura. Akiifunika, pesa imekwenda na maji. Na wewe mtazamaji utamtambuaje steringi katikati ya watu mia tano waliovaa sawasawa? Kwa hiyo kofia inavuliwa, si kwa sababu watengenezaji hawajui historia. Filamu kubwa nyingi huajiri wanahistoria wa kuzishauri. Mshauri anasema yake, anasikilizwa kwa heshima, kisha kamera inaamua.

Kamera hiyohiyo ndiyo inayovunja safu. Wagiriki walipigana bega kwa bega, kila mmoja na ngao ya duara yenye upana wa karibu sentimita 90 kwenye mkono wa kushoto. Ngao ile ilimkinga mwenyewe nusu, na nusu nyingine ikamkinga jirani wa kushoto. Mwanahistoria Thucydides, akisimulia vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anaeleza jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye filamu: majeshi yakisogea mbele, yote huenda yakijongea kulia polepole, kwa sababu kila mtu anajibana kwenye ngao ya mwenzake wa kulia ili ajifiche. Maelfu ya wanaume waliojaa silaha, na kinachousukuma mstari mzima upande mmoja ni woga! Anaongeza kwamba Wasparta, Wagiriki wa mji wa Sparta, waliingia vitani wakitembea taratibu kwa mlio wa zumari, ili hatua zilingane na safu isikatike.

Kwenye filamu hakuna anayetembea. Pembe inalia, wote wanatimua mbio uwanja mzima kama hawana kilo nyingi za chuma mwilini, wanagongana, na baada ya nusu dakika safu imekwisha; kila mtu ana adui wake wa kuzungushana naye panga. Inapendeza, nakubali. Ukuta wa ngao ukiupiga picha kwa mbele unaona ngao, kwa nyuma unaona migongo, na hakuna hadithi hapo. Wawili wakipigana peke yao, tunaziona sura zao na tunajua nani anashinda. Ila kwa askari wa kweli, kubaki peke yako namna ile kulimaanisha mambo yameharibika.

Na mambo yakiharibika ndipo watu walipokufa kwa wingi. Safu mbili zikiwa zimesimama na kusukumana, vifo havikuwa vingi kama tunavyoonyeshwa. Mauaji yalianza upande mmoja ulipogeuza mgongo na kukimbia. Makadirio ya wanahistoria kuhusu vita vya Wagiriki ni kwamba washindi walipoteza kama watu 5 katika kila 100, na walioshindwa kama 14. Vita vya Cannae vya mwaka 216 KK vilitisha kwa sababu Warumi hawakupata hata pa kukimbilia: Hannibal, jenerali wa Karthago, aliwaachia nafasi katikati, wakaingia, akawazunguka pande zote. Mwanahistoria wa Kirumi Livy anataja zaidi ya Warumi 48,000 waliouawa siku ile moja. Walibanana hadi wengi wakashindwa kutumia silaha zao. Filamu gani itakuonyesha saa nzima ya watu waliobanana, wanasubiri zamu yao?

Badala yake tunapewa moto. Filamu ya Gladiator ya mwaka 2000 inafungua na Warumi wakipigana na makabila ya Wajerumani, na anga limejaa mishale inayowaka. Mshale wa moto ulikuwepo kweli, lakini kazi yake ilikuwa kuunguza mapaa, meli na minara ya mbao wakati wa kuzingira mji. Kumlenga mtu nao ni hasara. Umefungwa kitambaa chenye mafuta, kwa hiyo ni mzito na hauendi mbali, na ukiuachia kwa nguvu zote upepo unaweza kuuzima. Mshale wa kawaida unaua vilevile. Moto umewekwa pale kwa sababu msitu ule ni wa kijivu na jicho linataka rangi. Hata kifo cha Kaisari Commodus mle ndani ni cha kutunga. Hakuuawa uwanjani na steringi, alinyongwa na mpiga mieleka aitwaye Narcissus tarehe 31 Desemba mwaka 192.

Je, yote haya yanikasirishe? Mimi nina kipimo changu. Makosa ya mavazi nayasamehe. Wasparta wa filamu ya 300 wanapigana kifua wazi na kaptura za ngozi, wakati wenyewe mwaka 480 KK walivaa kofia, dirii na vikinga vya miguu. Sawa, filamu imetoka kwenye kitabu cha katuni na haijifichi. Kinachoniudhi ni hesabu. Siku ya mwisho pale Thermopylae, walipowazuia Waajemi, Wasparta 300 hawakubaki peke yao. Kulikuwa na watu 700 wa mji wa Thespiae waliokataa kuondoka, wakafa palepale. Hao filamu haiwajui.

Kosa baya zaidi ni lile linalobadilisha sababu ya ushindi. Mfano mzuri si wa kale sana, ni wa Uskoti mwaka 1297. Jeshi la William Wallace na Andrew Moray liliwashinda Waingereza pale Stirling kwa sababu ya daraja. Lilikuwa jembamba, linapitisha wapanda farasi wawili wawili. Waskoti wakavumilia, wakangoja sehemu ya jeshi ivuke, kisha wakashuka na kuikata kabla wenzao hawajaweza kuwafikia. Vita vyenyewe vinaitwa Vita vya Daraja la Stirling. Filamu ya Braveheart ya mwaka 1995 imeondoa daraja! Wanapigana kwenye nyasi tupu, na mtazamaji anatoka akiamini kwamba Waskoti walishinda kwa hasira, hotuba na rangi ya buluu usoni. Akili yao yote ya kijeshi imetupwa pamoja na zile mbao.

Kuna wakati tamasha na ukweli hukutana, lakini gharama yake si ndogo. Stanley Kubrick alipotengeneza Spartacus, iliyotoka mwaka 1960, majeshi ya Kirumi yaliigizwa na askari wapatao 8,000 wa jeshi la Uhispania. Kamera ikakaa mbali, na vikosi vikajipanga na kusogea polepole bila kelele. Hakuna mtu anayekimbia, na bado unapata baridi. Leo kompyuta inaweza kukuzalishia askari laki moja, na kwa kuwa hawachoki, wanakimbia.

Huku kwetu filamu hizi zinapita chujio moja zaidi. Kwenye vibanda vya Kampala, VJ anashika maikrofoni na kusimulia juu ya picha: huyu anasema nini, yule ana kisasi gani, na jenerali wa Kirumi anabatizwa jina la mtaani. Watu wa historia wanaweza kuguna. Mimi naona VJ mzuri husaidia, maana ndiye pekee anayesimamisha fujo na kueleza nani yuko upande gani, kazi ambayo mwongozaji huifanya kwa ujanja wa rangi tu, hawa wekundu, wale weusi.

Ujanja huo ungegonga mwamba tukitengeneza filamu ya vita vyetu wenyewe, tuseme vile vya Mengo, vya Wakatoliki na Waprotestanti, vya tarehe 24 Januari 1892. Uwanja wake upo hadi leo, unauzunguka kwa miguu: Kapteni Lugard, Mwingereza, kwenye ngome yake katika kilima cha Kampala ya zamani, Kabaka Mwanga Mengo, Wakatoliki Rubaga, Waprotestanti Namirembe. Waliopigana wengi wao walikuwa Waganda kwa Waganda, lugha moja, mavazi yaleyale, ukoo mmoja ukiwa pande zote mbili. Utawapaka rangi gani? Na nina hakika mwongozaji angeijaza filamu nzima kwa mlio wa bunduki ya Maxim ya Lugard, tatatata mwanzo hadi mwisho. Bunduki ile ilikuwa chakavu, imeshavuka bara la Afrika katika msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley. Jambo zito zaidi lilitokea kabla, lisilo na mlio wala moshi: Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki zipatazo 500. Hiyo ni shughuli ya watu kupanga foleni na kupokea silaha, na ndiyo daraja la Stirling la Mengo.

Wa kuitengeneza hawako mbali. Studio ya Wakaliwood iko Wakaliga, palepale divisheni ya Rubaga, na watu wake wamejipatia jina duniani kwa filamu za mapigano zenye silaha zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Maxim wataichomelea bila shida. Shida itakuwa kumshawishi atakayetoa pesa kwamba dakika kumi za foleni ya bunduki zina thamani kuliko hiyo Maxim.