Mkanda wa taimingi hausomi mileji

Wiki jana kijana mmoja aliniletea Subaru Impreza WRX ya 1999, ya samawati, imetunzwa vizuri kuliko magari mengi mapya ninayoyaona Nyali, hapa Mombasa. Alitaka nimbadilishie oili tu. Nikamuuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Akanionyesha dashibodi: kilomita 71,000.

"Ami, huo bado sana. Kitabu kinasema laki moja."

"Na nani aliyekuambia hizo elfu sabini na moja ndizo za kweli, mwanangu?"

Akanyamaza. Gari lilishuka bandari ya Kilindini miaka ya 2000, likapita mikono mitatu kabla ya kumfikia yeye, na hakuna hata mmoja aliyeacha karatasi. Maswali ya namna hii huniijia karibu kila mwezi, kwa hivyo leo nitaeleza ninavyoamua.

Mkanda huu ni mpira wenye meno, na ndani yake mmepitishwa nyuzi za kioo ili usirefuke. Unaifunga krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua na kufunga valvu, pamoja: krankshafti ikizunguka mara 2, kemshafti izunguke mara 1, bila kuruka hata jino moja. Katika injini nyingi za magari ya kasi, pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, kemshafti husimama hapohapo, pistoni zinaendelea kupanda kwa nguvu za mwendo, na valvu zilizobaki wazi zinapindwa. Injini ya EJ20 ya Impreza iko hivyo, na ina valvu 16. Vivyo hivyo 4G63 ya Lancer Evolution, RB26 ya Skyline GT-R na B16 ya Honda. Kwa injini hizi hakuna onyo dogo kabla ya onyo kubwa. Unaendesha vizuri, kisha unafungua silinda hedi, kichwa cha injini chenye valvu hizo.

Lakini si zote. Mazda Roadster ya kwanza ya 1.6 na Toyota 4A-GE ya valvu 16 huzima tu barabarani. Unavutwa hadi gereji, unafungwa mkanda mpya, unaondoka. Ile 4A-GE ya valvu 20, ndugu yake, inagongana, yaani pistoni zake hugonga valvu. Na kuna zisizo na mkanda kabisa: SR20 ya Silvia na F20C ya Honda S2000 zinatumia cheni. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewahi kuona risiti ya mtu aliyelipishwa mkanda wa taimingi wa Silvia. Kabla hujauliza lini, jua injini yako ni ipi. Namba ya aina yake imeandikwa kwenye bamba la chuma ndani ya boneti au imepigwa kwenye injini yenyewe.

Sasa turudi kwenye mileji. Kilomita laki moja za kitabu cha Kijapani ziliandikwa kwa gari linalotembea. Gari la Mombasa husimama. Chukua foleni ya feri Likoni: saa nzima injini inaunguruma, eisii imewashwa, mzunguko uko 800 kwa dakika. Katika saa hiyo krankshafti imezunguka mara 48,000, mkanda nao umekwenda nayo kila mzunguko, na mileji haijasogea hata mita. Si hilo tu. Kwenye Impreza mkanda uko mbele kabisa ya injini, nyuma ya redieta. Gari likisimama, feni zinavuta joto la redieta na kulimwaga juu ya vifuniko vya mkanda. Hakuna kinachouzeesha mpira kama joto.

Piga hesabu mwenyewe. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 60,000 ni saa 1,000 za kazi. Ukienda kwa wastani wa 20, na mwenye kuvuka daraja la Nyali asubuhi atakubali kuwa 20 si mbaya, umbali uleule ni saa 3,000. Mileji moja, mikanda miwili tofauti.

Kuna pia wale wanaoniambia, "Fundi, hili silitumii, ni la Jumapili tu." Gari la Jumapili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mkanda ukikaa miezi umejikunja mahali pamoja kwenye gia ndogo ya krankshafti, unashika mkunjo huo huku mpira ukikauka. Na gari likilala karibu na bahari, Bamburi au Shanzu, chumvi inaingia kwenye gia za chuma. Gia iliyoshika kutu hukwaruza meno ya mkanda kama msasa. Ikiwa kifuniko cha plastiki kilivunjika zamani na fundi fulani akakitupa badala ya kununua kingine, basi mchanga na maji ya masika navyo vimo humo.

Kwa hivyo mimi nahesabu miaka kwanza. Kwa gari la kasi la zamani linaloishi hapa pwani na ambalo injini yake inagongana, nabadilisha kila miaka 5 au kilomita 80,000, lolote litakalotangulia. Huo ni mpaka wangu, mkali kuliko wa kitabu, na nimeuweka kwa sababu ya hali ya hewa na foleni nilizozieleza. Gari lisilo na historia halina mpaka wowote: mkanda wake umefika leo.

Historia yenyewe tafuta kabla ya kukata tamaa. Mafundi wa Japani wana tabia nzuri sana ya kubandika kistika ndani ya boneti, juu ya kifuniko cha mkanda au pembeni kwenye bodi, chenye kilomita na tarehe mkanda ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu yao: ukiona 15 peke yake, au H15, ni mwaka wa 15 wa enzi ya Heisei. Jumlisha 1988 upate 2003. Watu hukiosha kistika hicho kwa dizeli wakisafisha injini, na ushahidi pekee unakwenda na maji.

Je, mkanda hauwezi kukaguliwa kwa macho? Unaweza, na mimi hukagua, ila nautumia ukaguzi kuhukumu mkanda mbaya tu, kamwe si kuusafisha jina. Nafungua kifuniko cha juu, nawasha tochi, nazungusha krankshafti kwa spana taratibu na kutazama mkanda wote ukipita. Nyufa kwenye mashina ya meno, kingo zilizochanika nyuzi, mgongo unaong'aa kama kioo, au dalili yoyote ya oili: lolote kati ya hayo, gari halitoki. Oili hasa, kwa sababu huvimbisha mpira, na maana yake ni kwamba sili ya kemshafti au ya krankshafti inavuja. Ukiweka mkanda mpya juu ya sili inayovuja umetupa pesa. Lakini usipoona chochote, bado hujui. Mikanda ya zamani ilikuwa ikipasuka waziwazi. Ile ya mpira wa kisasa inaweza kuonekana mizima hadi karibu na mwisho wake, kwani nyuzi za ndani hazionekani.

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Miaka kadhaa nyuma mteja aliniomba nibadilishe mkanda peke yake kwenye injini ya EJ20, aidla (magurudumu madogo yanayouongoza mkanda) na tensiona (kifaa kinachoukaza) zibaki, maana bajeti ilikuwa ndogo. Nilizungusha aidla kwa kidole, nikaziona nyepesi, nikakubali. Haikufika hata mwaka, beringi ya aidla moja ikakwama akielekea Mtwapa. Mkanda mpya kabisa uliungua juu yake ukakatika. Nilizifungua silinda hedi zile mwenyewe na sikumlipisha kazi. Aidla inayozunguka nyepesi mno, bila uzito wowote, ni aidla iliyokauka grisi. Siku ile nilikuwa nalijua hilo, ila niliruhusu bajeti iniamulie.

Tangu hapo ni seti nzima au sifungui: mkanda, tensiona, aidla zote, pampu ya maji, na sili za mbele. Kwenye Impreza pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, na kazi ya kuifikia ni ileile uliyokwisha kuilipia. Mwenye Evolution aongeze mkanda mdogo wa shafti za kusawazisha, zinazopunguza mtetemo wa injini, uliofichwa nyuma ya mkubwa. Huo mdogo ukikatika huingia ndani ya mkubwa na kuuvuruga. Ununue seti ya kampuni inayojulikana kutoka kwa muuzaji utakayeweza kumrudia, kwani mikanda bandia yenye maboksi mazuri ipo mjini.

Kijana wangu alikubali, japo kwa shingo upande. Tulipofungua, tensiona ilikuwa imetokwa na oili yake, na aidla moja ililia khrr kila ilipozungushwa. Mkanda wenyewe, kwa mgongo, ungeupiga picha ya tangazo. Tulipoukunja kinyume tukaona nyufa nyembamba kwenye mashina ya meno, moja baada ya nyingine. Alizigusa kwa ukucha akanyamaza tena. Rika langu tuliipenda Impreza tangu dereva Colin McRae aliposhinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na kuona kijana wa leo akiitunza vile kunanifurahisha. Nisingependa aipoteze kwa mpira.

Kufunga kuna mtego mmoja kwenye injini hii. Kemshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, na mkanda ukitoka zinaweza kuruka ghafla, valvu zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Zishikiliwe kwa kifaa chake. Tensiona ibanwe polepole ikiwa wima hadi pini iingie, bila haraka. Alama za kwenye gia zikishalingana, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko 2 kamili uzitazame upya. Ukihisi kizuizi, simama. Usijaribu kwa stata.

Mwisho tulibandika kistika chetu ndani ya boneti, tarehe na kilomita, kwa kalamu isiyofutika. Ukitaka nikuangalizie lako, lilaze gereji usiku mmoja ili asubuhi injini iwe baridi kabisa, na usilioshe boneti kabla ya kuja.