Huu msitu wa nani?

Watu wananiuliza sana, hivi kushirikisha jamii kwenye uhifadhi ndo kufanyaje, semina? Semina zipo jamani ila hiyo ndo sehemu nyepesi, watu wanakuja wanakunywa soda wanasaini posho wanaondoka, na usiku mkaa unachomwa kama kawa.

Mi nafanya kazi na misitu ya vijiji na nikifika kijiji kipya nauliza kwanza huu msitu wa nani. Wakijibu "wa serikali" najua hapo mlinzi hamna. Sasa Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kitenge msitu kwenye ardhi yake, kiwe na mpango wa usimamizi na sheria ndogo, zipite mkutano mkuu wa kijiji alafu halmashauri ya wilaya, na baada ya hapo mti ukiuzwa hela ni ya kijiji. Hili hata madiwani wengine hawalijui!

Na sio nadharia. Msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ilitaka iwe hifadhi yake, wananchi wakagoma, mwisho vijiji vikaachiwa vilinde vyenyewe kwa sheria zao na walinzi wao. Kilwa nako kuna mpingo, ule unaotengenezea klarineti huko Ulaya, na 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wakapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachothibitisha msitu unasimamiwa vizuri, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii.

Siku ya kuvuna nenda ukaone. Kamati ya maliasili inapima unene wa mti kwanza, ambao haujafika kipimo unaachwa hata mnunuzi alalamike vipi, gogo likishalala linagongwa nyundo yenye alama na kisiki nacho kinagongwa, kwahiyo doria wakikuta kisiki hakina alama wanajua huyo ni mwizi, hakuna mjadala.

Kinachoniumiza kichwa sio majangili kiivyo, ni hela zikishaingia. Mwenyekiti akiruka kusoma mapato na matumizi mkutano wa kwanza watu wananung'unika, akiruka na wa pili vijana wa doria wanabaki nyumbani, na huwezi kuwalaumu bana, wanatembea porini siku nzima na njaa alafu hawajui zahanati waliyoahidiwa imeishia wapi. Ndo maana mi nikifika, kabla sijaomba kuonyeshwa msitu naomba muhtasari wa mkutano wa mwisho, tena nauliza na kina mama maana wao ndo wanaokwenda kuni kila siku na visiki vipya wanaviona kabla ya kamati.