Vitz: stori za kijiweni na ukweli wake

Kijiwe chochote hakikosi mtaalamu wa Vitz, kile kigari kidogo cha Toyota. Mengi anayosema kayasikia tu kwa mwingine, ngoja tuyaweke sawa.

Inayoongoza ni hii: "Vitz zote pistoni tatu." Sio kweli, na ndo inayofanya watu wanunue spea ambazo haziingii. Vitz ya kwanza kabisa, ile ya Januari 1999 iliyokuja kumpokea Toyota Starlet, injini yake ya cc 1000 inaitwa 1SZ-FE na ina pistoni nne, tatu zimeingia na toleo la 2005 lenye injini ya 1KR-FE ambayo Daihatsu ndo walioiunda, alafu kuna za cc 1300 na 1500 ambazo zote ni nne, mfano Vitz RS ya 1500 inatumia 1NZ-FE, ileile iliyopo kwenye Toyota IST. Kwahiyo dukani taja injini, usiseme tu "nipe plagi za Vitz". Na fundi akikwambia taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu za injini) imeisha, muulize ipi, maana hizo injini nilizotaja zote zinatumia cheni.

Wengine wanaapa kwamba Yaris ni gari la maana na Vitz ni ndugu yake maskini. Jamani, ni gari lilelile! Japani liliitwa Vitz, Ulaya Yaris, Australia wakaliita Echo. Tofauti ipo kwenye injini na vikorokoro vya ndani, basi.

Eti ni kigari tu cha kina dada, hakina heshima. Sawa, ila umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, kwenye studio ya Toyota ya Ulaya, na likabeba tuzo ya gari la mwaka Japani 1999-2000, kisha kama Yaris likabeba ya Ulaya mwaka 2000. Wazungu hawagawi hizo tuzo kwa huruma, na sijui huyo anayecheka anaendesha nini.

Ya mwisho ni kwamba Vitz imeshakufa. Hapa kuna ukweli nusu, Japani jina lilifutwa 2020 toleo jipya likaitwa Yaris kama kwingine, lakini 2023 Toyota wakalirudisha Afrika Kusini kwenye gari jipya kabisa, ambalo kiukweli ni Suzuki Celerio inayotengenezwa India. Nembo ya Toyota mbele, fungua boneti, pistoni tatu za Suzuki.