Uteuzi wa aina za mierebi ya tungamotaka katika nchi za baridi

Uswidi na Uingereza kuna mashamba ya miti inayopandwa mara moja na kukatwa kila baada ya miaka 3, kwa zaidi ya miaka 20, bila kung'olewa. Vipande vyake vya mbao huchomwa kwenye mitambo ya joto na umeme; mimea inayotumiwa kama nishati namna hii ndiyo huitwa tungamotaka. Mti unaotumika zaidi ni mwerebi, hasa wa spishi ya Salix viminalis na machotara wake. Ukishakatwa, kisiki huchipua upya, kama kisiki cha mkaratusi kinavyochipua huku kwetu. Kuamua ni aina gani ya mwerebi iingie kwenye shamba fulani ndiko kunakoitwa uteuzi wa aina.

Wengi huanza kwa kuuliza ni ipi inayokua haraka kuliko zote. Swali la kwanza linapaswa kuwa: inaacha kukua lini? Mwerebi hujua msimu kwa urefu wa mchana. Mchana ukianza kufupika, aina iliyozoea kaskazini husimamisha ukuaji, hukomaza shina na kufunga macho yake (sehemu zinakotokea machipukizi) kabla ya jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Aina ya kusini ikipelekwa kaskazini huendelea kurefuka hadi vuli ikiwa bado laini, na jalidi la kwanza huua ncha zake. Mwaka unaofuata huchipua matawi mengi membamba badala ya mashina manene. Kinyume chake pia ni hasara: aina ya kaskazini ya mbali ikishushwa kusini hulala mapema, huku wiki nzuri za kukua zikipita bure. Kwa hiyo latitudo ilikofanyiwa majaribio ni muhimu kuliko tani zilizoandikwa kwenye orodha ya muuzaji.

Sifa ya pili ni ukinzani dhidi ya kutu ya majani, kuvu wa jenasi ya Melampsora. Majani hujaa unga wa rangi ya machungwa upande wa chini na kupukutika mapema, na mti huingia majira ya baridi bila akiba ya kutosha. Aina iitwayo Tora ilizalishwa Uswidi kwa kuchanganya mwerebi wa Siberia, Salix schwerinii, na aina nyingine ya mwerebi iitwayo Orm, na ukinzani wake dhidi ya kutu ndio ulioipa sifa. Ila ukinzani haudumu milele. Beaupré, mpopla (mti wa jamii moja na mwerebi) chotara wa Ubelgiji, ulipandwa kwa wingi kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji kwenyewe. Mwaka 1994 ukatokea uzao mpya wa kutu uliouvunja ukinzani wake, na kwa sababu miti yote ilikuwa kloni moja, yaani nakala za mti mmoja, hakukuwa na wa kubaki mzima.

Takwimu za mavuno nazo zisomwe kwa uangalifu. Tuseme kipande cha jaribio cha mita 10 za mraba kimetoa kilo 60 mbichi baada ya miaka 3. Chukua sampuli ya gramu 1,000, ikaushe kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike. Ikibaki gramu 480, mavuno makavu ni kilo 28.8. Hizo ni tani 28.8 kwa hekta, au tani 9.6 kwa mwaka. Usipime mistari ya pembeni: inapata mwanga wa ziada na itakudanganya. Wala usihukumu kwa mzunguko wa kwanza pekee, yaani mavuno ya mkato wa kwanza, kwani mizizi bado inajijenga.

Hata aina bora haiwezi kuokoa upandaji mbaya. Vipandikizi ni vya sentimita 18 hadi 20, kutoka mashina ya mwaka mmoja yaliyokatwa wakati wa baridi na kuhifadhiwa chini kidogo ya nyuzi sifuri ili macho yasiamke. Hupandwa wima, macho yakitazama juu, kwa mistari pacha: sentimita 75 kati ya mistari ya jozi, mita 1.5 kati ya jozi na jozi, takriban 15,000 kwa hekta. Mwaka wa kwanza adui mkubwa ni magugu. Kipandikizi hakina mizizi, nyasi zinazo tayari. Ukichelewa palizi, shamba huwa na mapengo ambayo hayazibiki, kwani miche ya kujazia hufunikwa na kivuli cha jirani zake.

Ili kutu isipate njia rahisi, changanya aina 5 au zaidi zenye wazazi tofauti. Lakini ziwe na kasi inayokaribiana. Ukizichanganya ovyo, zile zenye nguvu huzinyima nyingine mwanga, na baada ya mizunguko miwili mitatu unaweza kujikuta umebaki na aina mbili tu. Kama kasi zinatofautiana sana, panda kila aina kwenye jozi zake za mistari, kisha ubadilishe aina kila baada ya jozi chache.