Mpango katika sataranji ni kitu gani hasa?

Mpango katika sataranji, au chesi kama wengi tunavyoita, ni jibu la swali moja: kete zangu ziende kukaa wapi, na zikifika huko zitafanya nini? Mara nyingi watu huuchanganya na uwezo wa kuona hatua kumi mbele. Hiyo ni hesabu: nikila, akila, nikila tena, tumebaki na nini mezani. Bila hesabu hufiki mbali, lakini hesabu haikuambii uanze na kete ipi.

Na za kuanza nazo ni nyingi. Kabla mchezo haujaanza, mwenye nyeupe ana hatua 20 mbele yake: 16 za askari na 4 za farasi. Mwenye nyeusi naye ana 20. Kila mmoja akishacheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa na sura 400 tofauti. Hakuna anayezipitia zote. Mwenye mpango huziacha nyingi bila hata kuzitazama, kwa kuwa haziendi anakotaka kwenda.

Asiye nao utamjua. Anapiga cheki, yaani kumtishia mfalme, kwa sababu tu cheki ipo. Anasogeza askari wa pembeni mraba mmoja, eti usalama. Farasi anakwenda, anarudi alikotoka. Nimecheza hivyo miaka mingi, na kilichokuwa kikiniudhi zaidi ya kufungwa ni kutojua nimefungwa na nini, maana nikirudia mchezo wote sikuona hatua hata moja ya kuilaumu.

Mpango wenyewe unatoka wapi? Wilhelm Steinitz, aliyekuwa bingwa rasmi wa kwanza wa dunia mwaka 1886, alifundisha kwamba unatoka ubaoni. Kuamka na hamu ya kushambulia hakutoshi. Lazima kuwe na udhaifu wa kushambuliwa. Mahali pa kuutafuta kwanza ni kwenye askari, kwa sababu askari harudi nyuma. Farasi aliyekosea njia utamrudisha, lakini askari waliokaa vibaya huenda wakabaki hivyo mpaka mwisho. Mchezaji Mfaransa Philidor aliwaita askari roho ya mchezo tangu mwaka 1749, wakati wengi walikuwa wakiwatoa kama chambo.

Chukua askari mpweke wa d4, yaani aliye mraba wa nne wa safu ya d (safu za ubao huitwa a hadi h, na miraba ya kila safu huhesabiwa 1 hadi 8 kutoka upande wa nyeupe): hana mwenzake kwenye safu ya c wala ya e, kwa hiyo hakuna askari wa kumlinda. Ndivyo Viktor Korchnoi alivyojikuta na nyeupe dhidi ya Anatoly Karpov, katika mchezo wa 9 wa kugombea ubingwa wa dunia, mjini Merano, Italia, mwaka 1981. Askari huyo si mzigo siku zote. Kete zikiwa nyingi, humpa mwenyewe nafasi pana na nguvu ya kushambulia. Basi kazi ya kwanza ya Karpov ilikuwa kupunguza kete. Maaskofu na farasi walibadilishana mmoja mmoja, na kufikia hatua ya 27 walikuwa wamekwisha, zikabaki ngome mbili na malkia kila upande, pamoja na askari. Karpov akasimamisha ngome d5, hapo hapo mbele ya askari mpweke asiweze kusogea, akapanga malkia na ngome ya pili nyuma yake katika safu ile ile. Kilichobaki ni kusukuma askari wake mwenyewe hadi e5. Yule wa d4 akithubutu kumla, safu inafunguka na ngome iliyo nyuma yake inaliwa.

Korchnoi aliliona hilo. Katika hatua ya 30 akasukuma askari wake wa f hadi f4 ili kuifunga e5, na kwa kufanya hivyo akabomoa ukuta wa mfalme wake. Hapa ndipo ninapoupenda mchezo huu. Karpov hakung'ang'ania. Alihamia upande wa pili wa ubao, akasukuma askari wa b, na malkia wa Korchnoi pamoja na ngome moja wakavutwa huko, mbali kabisa na mfalme wao. Ndipo e5 ikachezwa, hatua ya 35, ingawa askari wa f4 alikuwapo kuizuia.

Kuna msemo wa wachezaji kwamba mpango mbaya ni afadhali kuliko kukosa mpango. Naukubali nusu. Mwenye mpango mbaya angalau atajua baadaye alikosea wapi, lakini akiushikilia wakati ubao umeshabadilika, atafungwa sawasawa na yule wa kupiga cheki ovyo. Baada ya kila hatua ya mpinzani swali linaulizwa upya: udhaifu ule bado upo? Umehamia wapi? Pale Merano ulikuwa umehama kutoka d4 hadi kwa mfalme.

Korchnoi alikubali kushindwa baada ya hatua ya 43, malkia na ngome ya Karpov wakiwa wamemzunguka mfalme asiye na ukuta. Na yule askari wa d4, aliyeandamwa mchezo mzima? Hakuliwa pale alipokuwa. Hatua ya 38 aliondoka mwenyewe kwenda kula ngome, na safu aliyoiacha wazi ndiyo ngome nyeusi ya pili iliyopitia hadi d2.