Unaitoa gari yadi Dar na kuileta Tabora? Vumbi liache lilale

Wateja wangu wengi hapa Tabora hunipigia simu wakiwa bado yadi Dar es Salaam, funguo mkononi, na swali lao huwa lile lile: nifanyeje rangi isiharibike njiani? Wanachoogopa ni mawe. Wana haki ya kuyaogopa, maana safari ni zaidi ya kilometa 800, na anayeendelea hadi Kigoma anaongeza kama 400 nyingine. Lakini gari ikiletwa karakana siku chache baada ya kufika, kazi kubwa ninayoikuta si ya mawe. Ni mikwaruzo myembamba ya mviringo kwenye boneti, paa na milango, ile unayoiona gari ikisimama kwenye jua la saa nne asubuhi na taswira ya jua ikizungukwa na nyuzi nyuzi. Hiyo haikuletwa na barabara. Imeletwa na kitambaa.

Juu ya bati la gari iliyopigwa rangi kiwandani kuna tabaka nne. Ya chini kabisa ni ya kuzuia kutu. Bodi zima huzamishwa kwenye dimbwi la rangi na kupitishiwa umeme ili ishike kila pembe. Juu yake praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe, na mwisho klia, ambayo ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopigwa na jua, mvua na mikono ya watu. Zote nne kwa pamoja mara nyingi huwa maikroni 100 hadi 150, unene wa karatasi moja ya fotokopi au kuzidi kidogo. Klia peke yake ni maikroni 40 au 50 hivi. Fundi anayekuondolea mikwaruzo kwa kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia, na mashine haongezi kitu, anapunguza klia hadi ilingane na chini ya mkwaruzo. Akipunguza leo, mwakani na mwaka unaofuata, utafika siku akuambie hakuna tena cha kupunguza.

Vumbi la njia hii lina punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko klia. Likiwa limetulia juu ya boneti halina madhara yoyote, hata likikaa siku tatu. Madhara yanaanza pale mtu anapopitisha dasta kavu, au ile fagio laini ya kufutia gari, akasugua. Hapo anapiga msasa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia akiwa Gairo.

“Kijana wangu, gari imejaa vumbi kama imetoka machimboni. Kuna vijana hapa wanasema wataifuta kwa elfu mbili.”

“Shikamoo mzee. Wape hiyo elfu mbili, ila wasiiguse.”

“Marahaba. Sasa niwape ya nini?”

“Ni nafuu kuliko utakayonilipa mimi.”

Alicheka, na gari iliingia Tabora rangi ya ugoro. Tuliimwagia maji, tukaiosha taratibu, klia ikatoka kama ilivyotoka yadi.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza unaanza kabla hujawasha injini. Mwambie muuzaji kwamba hutaki gari ioshwe wala ifutwe ukienda kuichukua. Atashangaa, kwa sababu kwake kuosha ni heshima kwa mteja. Lakini pale yadi ndoo moja na kitambaa kimoja vimeshapita kwenye magari kumi toka asubuhi, na kilichofuta rimu ndicho kitafuta boneti yako. Bora upewe gari yenye vumbi. Kama ni mpya kabisa na bado ina ile nailoni nyeupe ya kiwandani juu ya boneti na paa, omba usafiri nayo ikiwa imeshika vizuri pembeni. Kona yoyote iliyoanza kuachia, itoe yote, maana upepo ukiingia chini yake itapigapiga rangi njia nzima. Hilo hilo ndilo tatizo la blanketi, boksi au turubai linalofungwa mbele ya gari kwa nia njema: vumbi linaingia katikati, kitambaa kinacheza, na hadi Dodoma boneti imeshasuguliwa bila mtu kuigusa.

Wengine hununua stika angavu, ile isiyoficha rangi ya gari, Kariakoo wakabandika bampa na boneti. Kwa rangi ya kiwandani inaweza kusaidia, mradi uitoe mapema ukifika, taratibu na ikiwa na joto kidogo, isije ikaacha gundi. Lakini magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na baadhi yamepigwa rangi upya mahali fulani kabla hayajafika mkononi mwako. Kwenye bampa iliyopigwa upya vibaya, stika inabanduka na rangi yake. Angalia raba za milango na za vioo: ukiona chembe za rangi juu ya raba, au mstari wa tepu ndani ya ukingo wa mlango, hapo fundi mwingine ameshapita. Mwenye kipimo cha unene wa rangi akikuta zaidi ya maikroni 200 kwenye mlango mmoja huku mingine ikisoma 110, jibu ni hilo hilo. Kipimo cha kawaida hakisomi bampa za plastiki, hapo utegemee macho.

Hapa niseme neno kuhusu waksi, maana kuna ushauri unaozunguka kwamba gari mpya isipakwe waksi hadi ipite miezi mitatu. Ushauri huo ni wa rangi ya karakana, hasa iliyokaushwa kwa hewa tu, ambayo huendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi kabla gari haijafungwa viti. Siku unapoipokea imeshakauka zamani. Unaweza kuipaka waksi siku hiyo hiyo, ikiwa imeoshwa na mtu unayemwamini. Ila usitegemee waksi izuie jiwe. Kazi yake ni kufanya wadudu na lami vitoke kirahisi ukifika. Kinachopunguza nguvu ya jiwe kweli ni ile filamu nene ya kulinda rangi, ya maikroni 150 hadi 200, na hiyo ni pesa ndefu na inataka fundi aliyeizoea.

Jiwe lenyewe dawa yake ni mguu wako wa kulia. Jiwe likirushwa na tairi ya gari iliyo mbele, mara nyingi linaninginia hewani na wewe ndiye unayelifuata, kwa hiyo kasi inayolipiga boneti karibu yote ni ya kwako. Nguvu ya kipigo inakua kwa mraba wa kasi. Ukishuka kutoka 100 hadi 80, umepunguza zaidi ya theluthi ya nguvu hiyo, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya doa kwenye klia na shimo lililofika kwenye bati. Cha pili ni umbali. Nyuma ya lori chagua alama, nguzo au kibao, lori likiipita hesabu sekunde nne polepole kabla hujaifikia wewe. Kwa mwendo wa 80 hapo uko karibu mita 90 nyuma. Penye kokoto nyingi ongeza. Kati ya Chalinze na Morogoro malori yamefuatana, na kishawishi cha kuganda nyuma ya tela ukisubiri nafasi ya kuovateki ni kikubwa; hapo ndipo bampa nyingi zinapotobolewa. Baki nyuma, ukiona barabara iko wazi ovateki moja kwa moja, usikae ubavuni mwa matairi yake.

Penye lami iliyomwagiwa kokoto karibuni, kokoto zilizolegea hujikusanya katikati ya njia za matairi na pembeni. Pita kwenye alama za matairi ya wenzako. Ukipishana na lori kwenye kipande cha matengenezo, punguza hadi karibu kusimama. Madigadi pia yana kazi yake, kwa sababu gari yako yenyewe inajirushia mawe nyuma ya matairi ya mbele. Kama gari imekuja bila madigadi, yafunge Dar kabla hujaondoka.

Dodoma ndipo wengi wanapolala. Ukichagua gesti, chagua na mahali pa kuegesha: si chini ya mti. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini kinachoumiza zaidi ni jua la kesho yake. Klia ikipata joto inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka juu yake, usiku ikipoa inajikunja kulifuata umbo lile, na doa linabaki hata ukisafisha. Ukilikuta asubuhi usilikwangue. Lowesha toilet pepa kwa maji, iweke juu yake dakika kumi, kisha inyanyue badala ya kufuta. Petroli ikimwagika kando ya mfuniko wa tangi, mwagia maji hapo hapo.

Kutoka Manyoni, Itigi hadi huku ni vichaka na miombo, na usiku wadudu hujaa kwenye bampa na taa. Wakikaa juani wanakula klia kama kinyesi cha ndege. Maji na subira vinawatosha. Kiangazi, kuanzia Agosti hivi, kuna pia majivu ya mapori yanayochomwa. Majivu makavu ni vumbi tu, lakini yakipata umande yanakuwa na ukali wa magadi, kwa hiyo gari iliyolala nje na majivu ioshwe asubuhi hiyo, isisubiri Jumapili.

Nyumbani sasa. Gari ikiingia, ndugu na majirani wanaizunguka, na hiyo ni furaha halali. Lakini watoto wataandika majina yao kwenye vumbi kwa kidole, na shemeji ataegemea ubavuni na vifungo vya jinzi. Nimeona jina zima la mtoto likisomeka kwenye mlango mweusi miezi baada ya vumbi kuondoka. Imwagie maji mengi kabla hawajajaa uani. Halafu ioshe kivulini, bodi ikiwa imepoa: ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paa kushuka, rimu mwisho na kwa kitambaa chake. Sabuni ya unga iache jikoni, itakuondolea waksi yote. Matone ya lami yanatoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, kisha unaosha mara moja. Thina usiiguse, hasa kama hujui historia ya rangi hiyo.

Ukishakausha, kagua boneti na ukingo wa mbele wa paa kwa tochi. Tundu kwenye bampa la plastiki linaweza kungoja. Lililofika kwenye bati lisisubiri mvua za Novemba, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi. Kwa Toyota, namba ya rangi iko kwenye kibati, chumba cha injini au nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Safisha tundu kwa spiriti, dondoshea rangi kwa kijiti cha meno, acha ikauke, kisha tone la klia. Ukikuta 070 usijaribu mwenyewe: ni nyeupe ya lulu, ina tabaka moja zaidi kati ya rangi na klia, na ukiweka nyeupe ya kawaida tundu litaonekana zaidi ya lilivyokuwa.