Tusi Lililosikika Gezi

Kazi yangu ni kuchunguza lugha ya maandamano: nyimbo, mabango, maandishi ya ukutani, hata matusi. Nikifundisha kuhusu mshikamano, huanzia Istanbul, mwaka 2013.

Mwishoni mwa Mei tingatinga ziliingia bustani ya Gezi kung'oa miti. Aliyejitokeza kuzizuia ni Sırrı Süreyya Önder, mbunge wa BDP, chama cha kutetea Wakurdi, jamii ya wachache nchini Uturuki. Polisi wakachoma mahema ya walinda miti, na nchi ikalipuka kwa maandamano.

Kwa wapenzi wa jinsia moja, bustani ile haikuwa ngeni. Wanaume walikuwa wakikutana pale usiku. Wanawake waliobadili jinsia nao walishatimuliwa na polisi mwaka 1996 kutoka mtaa wa Ülker, jirani na hapo. Marungu waliyajua. Wakapiga mahema yao, wakajiita LGBT Blok, yaani kambi ya wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia.

Lakini waandamanaji wenzao walikuwa wakiitukana serikali kwa neno "ibne", yaani shoga. Msomaji wa Pwani ataelewa upesi: shoga, neno ambalo wanawake huitana kwa mapenzi, likirushiwa mwanamume huwa tusi. Hapa ndipo moyo wangu hubaki. Unavuta moshi uleule wa mabomu ya machozi, na aliye begani kwako anamtukana adui kwa jina lako! Hawakuondoka, wala hawakunyamaza. Wao na watetezi wa haki za wanawake walipaka rangi juu ya matusi ukutani, wakawasihi wenzao wapinge kwa ukaidi, si kwa matusi.

Wakati huo kituo kimoja cha televisheni kilionyesha filamu ya pengwini huku Taksim, uwanja ulio kando ya bustani ile, ukifuka moshi. Waturuki wengi wakajiuliza: kama haya yamefichwa, je, tuliyoambiwa miaka yote kuhusu Wakurdi? Tarehe 28 Juni Medeni Yıldırım, kijana wa miaka 18, aliuawa kwa risasi huko Lice, mji wa Wakurdi, watu wakipinga ujenzi wa kituo cha jandarma, askari wanaolinda usalama vijijini. Istanbul ikaitikia: "Diren Lice", simama imara, Lice. Siku mbili baadaye makumi ya maelfu walifurika mtaa wa İstiklal kwa Matembezi ya Fahari, maandamano ya kila mwaka ya wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia.

Juni 2015, HDP, chama kilichobeba harakati za Wakurdi, kilimsimamisha Barış Sulu, mpenzi wa jinsia moja asiyejificha, kugombea ubunge Eskişehir. Hakupata kiti. Mwezi huohuo polisi waliyatawanya Matembezi ya Fahari kwa maji ya kuwasha, na tangu hapo yamepigwa marufuku kila mwaka.